Mkonge Ukishatoa Mlingoti

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko Tanga. Mwenzangu yuko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Kaka Mwangi, hujambo?

MWANGI: Sijambo, dada Zuhura. Huku leo mlima umefunguka, tangu alfajiri naviona vilele vyote. Habari za Tanga?

ZUHURA: Nzuri, ni joto tu. Leo naomba nianze na babu yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mkata mkonge upande wa Muheza. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampelekea chakula cha mchana. Siku moja nikauona mkonge mmoja umechomoza mlingoti katikati, mrefu kupita paa la nyumba yetu. Nikamwambia, "Babu, huu umewazidi wenzake." Akaniambia, "Huo umeshaaga, mjukuu wangu."

MWANGI: Umeshaaga!

ZUHURA: Ndivyo alivyosema. Sikumwelewa. Lakini nikawa naupitia kila siku, na kweli, majani yakaanza kulegea, yakageuka manjano, mwisho ukabaki mti mkavu umesimama peke yake. Tangu hapo swali hili halijaniacha: mmea umekaa miaka chungu nzima ukijikusanyia nguvu, halafu unachanua mara moja na kufa. Kwa nini?

MWANGI: Kabla ya "kwa nini", niambie kwanza unakufaje. Sisi huku tunaona mkonge kwenye ua wa boma, hatuujui kama nyinyi.

ZUHURA: Haya. Mkonge una ncha moja ya kukulia. Iko katikati kabisa, ndani ya yale majani machanga yaliyojikunja kama mkuki. Ncha hiyo ndiyo inayotoa majani, moja baada ya jingine, kwa miaka 7, 8, hata 12. Mkata mkonge anakata ya chini, ya juu anayaacha, anarudi baadaye. Mkonge wa kawaida unampa majani kama 200 hadi 250 maisha yake yote. Sasa ile ncha ikigeuka kuwa mlingoti wa maua, hairudi tena kutoa jani. Imekwisha kutumika.

MWANGI: Na hakuna ncha nyingine ya akiba?

ZUHURA: Kwenye shina hilo hakuna ya kuendeleza kazi. Halafu mlingoti wenyewe unakwenda kasi, unafika mita 5 au 6, na chakula cha kuujenga hakitoki hewani siku hiyohiyo. Ni wanga na sukari iliyowekwa shinani na majanini miaka yote ile. Inavutwa yote juu. Yale majani niliyoyaona yakilegea yalikuwa yananyonywa. Kule Meksiko, wakulima wa agave, ndugu wa mkonge, ile ya kutengenezea pombe ya tequila, wanalijua hili vizuri: mlingoti ukianza tu kuchungulia wanaukata, ili sukari ibaki shinani.

MWANGI: Basi hata mahindi yangu ni ndugu wa habari hii. Yanachanua, yanazaa, yanakauka.

ZUHURA: Ni ndugu kabisa. Mahindi, mpunga, alizeti, vyote vinachanua mara moja. Ila hivyo vinamaliza maisha msimu mmoja. Mimi kinachonishangaza ni huu unaosubiri miaka 10. Kaka, kitendawili!

MWANGI: Tega.

ZUHURA: Kuku wangu katagia miibani.

MWANGI: Nanasi! Hicho tulikitegua tangu darasa la kwanza.

ZUHURA: Umepata. Basi nanasi nalo ni hivyohivyo. Shina moja linazaa nanasi moja, kisha kazi yake imekwisha, na machipukizi ya pembeni yanachukua nafasi. Na mgomba je?

MWANGI: Mgomba ukishatoa mkungu tunaukata. Hauzai mara ya pili. Lakini hakuna mtu anayesikitika, maana chini kuna tunguu, na watoto wameshaota kando.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kilichokufa ni nini? Ile nguzo tunayoiita mgomba ni maganda ya majani yaliyofungana tu. Mmea wenyewe uko ardhini na unaendelea. Kwa hiyo tukisema "huchanua mara moja na kufa", inabidi tuulize: limekufa shina, au umekufa mmea?

MWANGI: Na mkonge uko upande gani?

ZUHURA: Mkonge unanipa taabu. Pembeni ya mama huota maotea kutoka chini ya ardhi, kama mgomba. Halafu kuna jambo la ajabu zaidi huko juu ya mlingoti. Mkonge huu wetu una seti 5 za kromosomu, yaani zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe, wakati mimea mingi ina 2. Seti 5 hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo mbegu hazitungi ila kwa nadra sana. Maua yanafunguka, nyuki wanakuja kwa wingi, kisha yanadondoka bila mbegu. Palepale mlingotini yalipokuwa panachipua vimiche, vidogo, vina majani kabisa na vizizi vinavyochungulia. Mlingoti mmoja unaweza kubeba 1,000 na zaidi. Vinaanguka chini, vinashika ardhi.

MWANGI: Na hivyo vimiche ni mama yuleyule?

ZUHURA: Yuleyule, hakuna baba. Sasa sikiliza historia. Mwaka 1893, Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliingiza mkonge hapa pwani. Meksiko haikutaka mimea yake itoke, akaagiza vimiche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, vingi vikafa njiani. Vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62.

MWANGI: Sitini na viwili tu?

ZUHURA: Sitini na viwili. Mashamba ya mwanzo ya mkonge yametokana na hivyo. Maelfu ya watu walioletwa kama manamba kutoka mikoa ya mbali, reli, mashine za korona za kusaga majani, babu yangu na panga lake, vyote vimesimama juu ya vimiche 62 vilivyokuwa vikijirudia.

MWANGI: Kwa hiyo babu alisema umeaga, kumbe umeaga kwa mguu mmoja.

ZUHURA: Ndiyo. Lakini kwa mwenye shamba, mlingoti ni hasara, maana majani yamekoma. Ndiyo sababu watafiti, kwanza kule Amani milimani Usambara, kisha kituo cha Mlingano, walihangaika miaka mingi kuchanganya aina za mkonge ili wapate unaochelewa kutoa mlingoti. Wakapata chotara wanaomwita kwa namba, 11648. Huyo anatoa majani zaidi ya maradufu kabla hajachanua. Mzazi wake mmoja jina lake la kisayansi ni *Agave amaniensis*, limebeba jina la Amani. Mimi hilo hunifurahisha sana. Haya, nimesema mno. Panda mlima wako.

MWANGI: Nimeongoza wageni mlimani miaka mingi, na njia ninayoipenda ni ya Naro Moru, kwa sababu inapita Bonde la Teleki. Ukivuka mita 3,500 hivi, miti imekwisha, unaanza kuona lobelia kubwa. Wageni wengi wanadhani ni aina moja. Ziko mbili, na zimegawana bonde. Sakafuni, penye majimaji, kuna *Lobelia keniensis*. Ukipanda kingoni, kwenye mawe na ukavu, unakuta *Lobelia telekii*. Imepewa jina la Samuel Teleki, Mhungaria aliyefika huko mwaka 1887.

ZUHURA: Zinatofautianaje kwa macho?

MWANGI: Ile ya majimaji ina vichwa kadhaa vya majani vilivyoungana chini, kila kimoja kama kabichi kubwa iliyofunguka. Katikati inashika maji. Usiku maji hayo yanaganda juu, chini yanabaki maji, na ncha ya kukulia inalala humo bila kuumia. Mlimani kila usiku ni kipupwe na kila mchana ni kiangazi, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Kichwa kimoja kikichanua kinakufa, vingine vinaendelea. Baada ya miaka kinachanua kingine.

ZUHURA: Mgomba huo.

MWANGI: Mgomba mtupu! Lakini *telekii* ina kichwa kimoja tu. Inakaa hivyo miongo kadhaa, imeshikilia mteremko. Halafu inatoa mlingoti unaoweza kufika mita 3, umefunikwa manyoya ya kijivu kutoka chini hadi juu. Ukiuona kwenye ukungu unadhani ni mnyama amesimama. Hayo manyoya ni vijani vyembamba virefu, yanakinga maua yasiumizwe na baridi. Inatoa mbegu, laini kama vumbi, nyingi kupita kuhesabu. Na inakufa, mzizi na shina. Haina maotea, haina vimiche. Hiyo imeaga kwa miguu yote miwili.

ZUHURA: Bonde moja, mlima mmoja, ndugu wawili. Kwa nini mmoja aweke akiba na mwingine atoe vyote?

MWANGI: Kuna mwanaikolojia Mmarekani, Truman Young, aliyezifuatilia lobelia hizi miaka mingi, akizipima moja moja. Jibu lake liko kwenye maji. Sakafuni mwa bonde maji yapo, kwa hiyo lobelia aliyechanua leo ana nafasi nzuri ya kuwa hai akachanue tena, na hatasubiri sana. Kuweka akiba kunamlipa. Kingoni kwenye ukavu ukuaji ni wa polepole mno. Kutoka kuchanua mara moja hadi mara ya pili ingekuwa miaka mingi, na kila mwaka kuna ukame, na kuna pimbi wanaotafuna majani. Nafasi ya kufika hiyo mara ya pili ni ndogo. Akiba ya nini, kama huenda usiwepo kuitumia? Basi inatoa vyote mara moja, na mbegu zinakuwa nyingi zaidi.

ZUHURA: Hapo umenikumbusha hesabu moja iliyowasumbua wataalamu. Mwaka 1954, mwanaikolojia Lamont Cole aliandika hivi: chukua mmea unaoishi daima, kila mwaka unatoa mbegu 10. Chukua mwingine unaokufa baada ya mwaka, lakini unatoa mbegu 11. Wanaongezeka sawasawa. Yaani uzima wote ule wa kudumu thamani yake ni mbegu moja!

MWANGI: Hilo haliwezekani. Kungekuwa hakuna mbuyu duniani.

ZUHURA: Ndivyo walivyouliza wengine. Jibu likaja mwaka 1973 kutoka kwa wanaikolojia wawili, Charnov na Schaffer: Cole alihesabu kama kwamba kila mbegu inaota na kukua. Tunajua sivyo. Kama katika mbegu 1,000 inapona moja, basi mama mmoja aliye hai anakaribia thamani ya mbegu 1,000, na si moja. Penye watoto wanaokufa sana na mama anayedumu, mmea utachanua tena na tena. Pale mama mwenyewe maisha yake ni ya mashaka, ndipo unapokuta walioamua kutoa vyote.

MWANGI: Yaani lobelia zangu zimeandika hesabu hiyo bondeni.

ZUHURA: Naona hivyo. Na ipo sababu nyingine tusiiache: kushibisha walaji. Mianzi mingi inachanua pamoja, msitu mzima, kisha inakufa pamoja. Mbegu zinamwagika nyingi kiasi kwamba panya na ndege wanakula mpaka wanashindwa, na zinazobaki zinaota. Kule Mizoram, India, kuna mwanzi unaofanya hivyo kila baada ya miaka 48 hivi. Ulichanua mwaka 1958 na 1959, ukarudi 2006 na 2007. Panya wanazaliana kwa shibe ile, mbegu zikiisha wanahamia mashambani na maghalani. Mara ile ya kwanza ilileta njaa, na hasira ya kuona serikali haikuwasaidia ikazaa uasi wa mwaka 1966.

MWANGI: Ua la mwanzi limeleta vita?

ZUHURA: Liliwasha moto uliokuwa na kuni tayari. Lakini ndiyo, kaka. Sasa niambie, miche ya *telekii* umewahi kuiona?

MWANGI: Naiona kandokando ya njia, kwenye udongo ulio wazi. Midogo kama kifungo cha shati. Huwa nawaomba wageni waangalie wanapokanyaga, maana hicho kifungo kikipona kitatuzidi umri kabla ya kuchanua. Na juu yake mara nyingi utakuta mlingoti mkavu wa mama umesimama bado, upepo ukiutikisa unamwaga mbegu. Na wewe, ule mlingoti wa babu uliishaje?

ZUHURA: Ulipokauka, babu aliomba ruhusa kwa msimamizi akaukata. Ni mwepesi lakini ni imara, akauchanganya na mingine akajengea banda la kuku. Vimiche vilivyodondoka chini yake akaviokota kwenye gunia, akavipanda mpakani mwa shamba la nyumbani. Vilikua, vikatoa milingoti, vikafa. Mama akaokota tena. Mikonge iliyopo mpakani sasa ni uzao wa tatu, na mwaka jana mmoja umeanza kuchomoza.

MWANGI: Uzao wa tatu, na mkonge ni uleule?

ZUHURA: Uleule.