Marekani hata joto lina chama

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo nipo Houston, Texas, nje nyuzi 38, shati limeloa kabla sijafika kwenye gari.

Kuna klipu mmenitumia wengi wiki hii. Mzee wa suti ndani ya Seneti ya Marekani anatoa donge la theluji kwenye mfuko, analirusha. Mnaniuliza: kaka, si ushahidi huo kwamba dunia haipati joto? Klipu ni ya Februari 2015. Mzee ni Seneta James Inhofe wa Oklahoma, wa chama cha Republican, sasa marehemu, na wakati ule ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Mwenyekiti, jamani! Washington kulikuwa na baridi, basi akabeba baridi ya mji mmoja kuipinga dunia nzima. Mwaka uliokuwa umetoka kuisha, 2014, NASA walishautangaza kuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze. Huo 2015 ukaja kuupita.

Leo kulipinga suala hili ni jambo la Warepublican zaidi kuliko wapinzani wao Wademokrati, lakini msidhani walianza hivyo. Mwaka 1988 mwanasayansi wa NASA, James Hansen, aliwaambia maseneta kwamba joto limeshaanza kupanda na binadamu anahusika. Mwaka huohuo George Bush mkubwa, Mrepublican, mtu wa mafuta wa hukuhuku Texas, akaahidi kwenye kampeni kupambana nalo. Uwanja wetu wa ndege hapa una jina lake. Mwaka 1992 akasaini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, Seneti ikauridhia mwaka uleule. Kilichobadilika baadaye ni hesabu ya gharama: nani apunguze mafuta na makaa ya mawe, nani alipe kodi, serikali iingie kiasi gani kwenye biashara ya mtu. Kampuni za mafuta nazo zikamwaga hela kukuza mashaka. Jibu likawachoma watu, wakaamua kulikataa swali lenyewe.

Na si suala la kukosa shule. Watafiti wa hapa wamekuta wanaoielewa sayansi zaidi ndio wanaopishana zaidi kwa vyama. Msomi ana maneno mengi ya kutetea upande wake, nyie wenyewe mnawajua.

Sasa njooni kwenye vituko vya Texas. Februari 2021 baridi kali ilitupiga, umeme ukakatika kwenye nyumba zaidi ya milioni 4, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Gavana Greg Abbott akaenda kwenye televisheni kulaumu umeme wa upepo na jua. Mapangaboi ya upepo yaliganda kweli, sikatai. Lakini uchunguzi wa serikali kuu ulipotoka, mitambo iliyoongoza kwa kuzimika ilikuwa ya gesi asilia.

Na jimbo hilihili ndilo linaongoza Marekani nzima kwa umeme wa upepo, zaidi ya megawati 40,000! Nenda magharibi kule Sweetwater, mapangaboi yamesimama katikati ya malisho. Mfugaji analipwa kwa ardhi yake, halafu kura anampa anayesema tabianchi ni uongo. Kwake hayagongani: upepo ni mapato ya shamba, tabianchi ni maneno ya Washington.

Natafuta mmoja wao akae mbele ya kamera. Wekeni maswali hapo chini: mkataba wake ukoje, ng'ombe wamezoea kelele au bado. La kura msinitume, nyama yake ya kuchoma nataka niimalize kwanza.