Kornelio Kabla ya Petro

Ndugu zangu, nianze na barua. Januari 1552 Francis Xavier, mmisionari wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, aliandika kueleza kazi yake huko Japani, alikokuwa ameingia mwaka 1549. Anasimulia machozi ya watu aliowabatiza. Waliipokea imani kwa furaha, kisha wakamwuliza: na wazee wetu je, waliokufa kabla hujafika? Akawajibu kama alivyofundishwa, kwamba aliyeko motoni hatolewi. Wakalia, na Xavier anakiri kuwa naye machozi yalimlengalenga.

Naanzia hapo makusudi. Swali la kama mtu mwema asiyeamini ataokoka huwa jepesi mno tukilijadili kama hesabu. Wale wa Japani walikuwa wakiuliza habari za mama zao.

Sasa, neno linalonisumbua katika swali lenyewe ni hilo "mwema". Ukristo haufundishi kwamba mtu, hata aliyebatizwa, anaingia mbinguni kwa wema wake. Paulo anawaambia Waefeso kuwa wameokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Basi anayesema "jirani yangu haamini lakini ni mwema, ataokoka kwa wema wake" amekosea. Na anayesema "wema wake haumtoshi" huku moyoni akidhani wa kwake unamtosha, huyo amekosea zaidi. Swali lililobaki ni jingine: neema ya Kristo yaweza kumfikia mtu asiyemjua Kristo?

Wanaosema haiwezi wana aya nzito mkononi. "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima, mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi." Mbali na aya hizo wana kauli mashuhuri, kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, na hapa naomba tusimame kidogo. Kauli hiyo tunaipata kwa Cyprian, askofu wa Carthage aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Cyprian alikuwa akizungumza na nani? Hakuwa akimlenga mpagani wa mbali ambaye hajasikia Injili. Alikuwa akipambana na Wakristo waliojitenga, waliojitungia kanisa lao na ubatizo wao. Lilikuwa onyo kwa watu wa nyumbani waliokuwa wakiubomoa ukuta. Baadaye wenye nyumba wakaligeuza, wakalielekeza kwa wapita njia. Kufikia mwaka 1442, Mtaguso wa Florence, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, ukatamka wazi kwamba wapagani, Wayahudi, wazushi na waliofarakana na Kanisa wanakwenda kwenye moto wa milele wasipojiunga nalo kabla ya kufa.

Lakini sauti ya pili, inayosema neema yaweza kumfikia, haikuanza juzi, kama wengine wanavyodai. Karibu miaka 100 kabla ya Cyprian, Justin, naye mfiadini, aliandika kwamba walioishi kwa kumfuata Neno, yaani Kristo, walikuwa Wakristo hata kama walidhaniwa hawana Mungu, akamtaja Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi kabla ya Kristo. Mwaka 1531, mwaka aliokufa, Zwingli, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa Uswisi, naye alimwandikia mfalme wa Ufaransa kwamba atamkuta Socrates mbinguni, na hata Hercules, shujaa wa hekaya za Wagiriki! Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, aliposoma alichemka, akasema Zwingli amekuwa mpagani kabisa. Waprotestanti hawajakubaliana hadi leo. Ungamo la Westminster la mwaka 1647, tamko la imani la Wapresbiteri, linakataa kabisa kwamba asiyemkiri Kristo anaweza kuokolewa kwa bidii ya kuishi kadiri ya nuru ya maumbile.

Kwa Wakatoliki kulitokea kisa cha ajabu. Padri Leonard Feeney wa Boston alishikilia kauli ya Cyprian kwa ukali wake wote. Roma ikaandika mwaka 1949 kupinga tafsiri yake, na mwaka 1953 akatengwa kwa kukataa kutii wito wa wakubwa wake. Mhubiri wa "nje ya Kanisa hakuna wokovu" akajikuta nje. Kisha mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafundisha kuwa wasioijua Injili pasipo kosa lao, lakini wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, wanaweza kuupata wokovu. Mnaona: si kwa wema mtupu. Ni kwa neema, na neema hiyo ni ya Kristo yule yule.

Karl Rahner, mwanateolojia Mkatoliki, akawaita watu hao Wakristo wasio na jina la Kikristo. Mimi sikipendi kipachiko hicho. Mbudha hajaniomba nimbatize kwa maneno akiwa amelala. Na mtu akiniita mimi Mwislamu asiyejijua, ningekunja uso.

Mimi narudi kwa Kornelio, akida wa Kirumi katika kitabu cha Matendo ya Mitume, alichoandika Luka, sura ya 10. Petro hajafika, na malaika anamwambia kuwa sala zake na sadaka zake zimefika mbele za Mungu. Zimekwisha kufika! Hata hivyo, malaika yule yule anamwagiza amwite Petro, na sura ya 11 inasema sababu: atamwambia maneno ambayo kwayo ataokolewa. Wa upande mmoja husoma sura ya 10 na kuishia hapo, wa upande wa pili hurukia ya 11. Luka ameziandika zote mbili, mimi sina ruhusa ya kuchana ukurasa.

Na tazameni aliyetaabika zaidi katika habari ile. Kornelio alitii mara moja. Petro ndiye aliyebishana na maono mara tatu, ndiye aliyeingia nyumba ile akisema si halali Myahudi kushikamana na mtu wa taifa lingine. Petro alikuwa bado anahubiri, Roho Mtakatifu akashuka juu ya wasikilizaji. Roho hakungoja Petro amalize. Waliokuja na Petro wakashangaa, na Petro akabaki na swali moja tu, nani awezaye kuwanyima hawa maji.