Anzeni na Ardhi, Bembea Itafuata

Mwenyekiti, walimu, wazazi, na ninyi mafundi mliojificha kule nyuma, asanteni kwa kuja. Haki ya mtoto mwenye ulemavu kucheza sitaifafanua leo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unaitaja wazi, na michezo ya shuleni imo ndani yake. Mimi nimekuja kuzungumzia ardhi ya uwanja wa kuchezea, na walionisikia kabla wanajua kwamba siiachi upesi.

Shule ikipata fedha, cha kwanza kununuliwa ni bembea maalumu. Inapakwa rangi, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Kisha tazameni ilikosimikwa: katikati ya mchanga, mbali na darasa. Mtoto atafikaje? Atabebwa mgongoni mbele ya wenzake kila mapumziko?

Kiti cha magurudumu kina magurudumu mawili makubwa nyuma na mawili madogo mbele. Haya madogo ndiyo mtihani. Yakikuta mchanga au kokoto yanazama, kiti kinakwama ghafla na mtoto anatupwa mbele. Mwenye magongo naye, ncha ya gongo inadidimia kabla hajaliegemea sawasawa. Kwa hiyo kwanza njia, tena njia inayounganisha darasa, choo na uwanja bila kidato hata kimoja.

Upana wake uwe sentimita 150, viti viwili vipishane na kimoja kiweze kugeuka. Kuhusu mwinuko, viwango vya Marekani vya 2010 vya kuwafikisha wenye ulemavu vinasema njia ya chini uwanjani isizidi 1 kwa 16, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 16 za kwenda mbele, na rampu ya kupandia juu ya kifaa isizidi 1 kwa 12. Fundi atawaambia, "Huu mteremko ni mdogo tu, kiti kitapita." Msibishane naye. Leteni ubao ulionyooka wa sentimita 120 na pima maji. Laza ubao kwenye njia kuufuata mteremko, inua upande wa chini mpaka pima maji itulie, halafu pima pengo lililobaki kati ya ubao na ardhi. Sentimita 10 ni 1 kwa 12. Sentimita 7 na nusu ni 1 kwa 16. Ikizidi hapo, njia irefushwe au izungushwe. Pimeni na upana pia: mteremko wa kumwaga maji pembeni usizidi sentimita 2 kwa kila mita, la sivyo kiti kinavutwa upande mmoja na mkono mmoja wa mtoto ndio unaofanya kazi yote.

Zege lipigwe ufagio kwa kukata upana wa njia kabla halijakauka. Likisuguliwa likang'aa, mvua ikinyesha ni utelezi. Na kingo! Mvua inakula udongo wa pembeni, panabaki kidato, gurudumu likichepuka kidogo kiti kinapinduka. Udongo urudishiwe usawa wa zege kila msimu wa mvua ukiisha.

Najua kuna anayewaza: zege ni gumu, watoto wataumia. Ni kweli, ndiyo maana zege haliingii chini ya vifaa. Kila kifaa kizungukwe na sentimita 180 za ardhi laini. Kwa bembea, mbele na nyuma iwe mara mbili ya kimo cha boriti inayoining'iniza, kutoka ardhini. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu ardhi hiyohiyo inatakiwa ipokee kichwa kinachoanguka na ibebe gurudumu linalopita. Mchanga unaweza la kwanza, la pili hauwezi. Mpira unaomwagwa papo hapo unaweza yote mawili, ila ni ghali, na juani unachoma, hivyo unadai kivuli. Vigae vya mpira vinafaa mpaka msingi utitie na pembe zianze kunyanyuka. Nyuzi za mbao zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zinabeba kiti zikimwagiwa maji na kushindiliwa tabaka kwa tabaka; anzeni na sentimita 30, zitashuka hadi kama 23. Fedha zikiwa haba, wekeni mpira kwenye ukanda wa kutoka njiani hadi bembea moja na chini ya bembea hiyo tu, kwingine bakini na mchanga.

Lingine ninaloambiwa kila mahali: "Shuleni kwetu hakuna mtoto wa kiti cha magurudumu." Mto usio na daraja nao hauna wavukaji.

Sasa vifaa, harakaharaka. Jukwaa la kuhamia kutoka kwenye kiti cha magurudumu kwenda kwenye kifaa liwe na kimo cha sentimita 28 hadi 45, upana 61, kina 36, na vishikio. Lakini fikirini mbele: mtoto akihama, akapanda, akateleza, kiti chake kimebaki upande ule. Mwisho wa mtelezo uwe karibu na jukwaa, au awepo wa kumletea. Meza ya mchanga au maji iachiwe nafasi ya magoti: kimo 61, upana 76, kina 43.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wasioona: eneo la bembea lizungushiwe ukanda ambao mguu na fimbo vinautambua, nguzo ziwe na rangi inayopishana na ardhi. Viziwi wenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa: mtelezo wa plastiki huzalisha umeme tuli unaoweza kukivuruga, hivyo wavue sehemu ya nje kabla ya kuteleza, au muweke mtelezo wa chuma kisichoshika kutu, kivulini. Wenye usonji: kona tulivu wanayoweza kutazamia mchezo bila kuingizwa kwa nguvu, na uzio wenye geti moja.

Matunzo nilitaka kuyapa robo saa. Chukueni hili tu. Chini ya bembea na mwisho wa mtelezo miguu inachimba shimo, na nyuzi zilizorushwa zinaishia njiani, mbele ya yale magurudumu madogo. Nunueni reki, na aandikwe mtu wa kuishika kila wiki. Karibuni kwa maswali.