Mkaribu: Mti Unaowinda kwa Kivuli

Ndugu zangu waendesha michezo, na ninyi wachezaji mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kuja. Nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifikisha kwenye mmea ninaotaka kuwaeleza leo.

Nilipokuwa mgeni katika kuendesha michezo ya kuigiza wahusika, ile ya mezani ambapo mwendeshaji husimulia, kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua bahati, niliweka mmea mla watu katikati ya jangwa. Wachezaji wakawa wanavuka. Nikamwambia mmoja arushe dadu ya nyuso 20, akapata 3, namba ya chini ya kushindwa, mchanga ukafunguka, mhusika wake akamezwa. Basi. Mhusika aliyemlea kwa miezi saba! Yule mchezaji hakubisha. Alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akanyamaza mpaka tulipoagana. Nilimdhulumu. Hakukuwa na chochote ambacho angeweza kukiona, kukinusa wala kukiuliza kabla ya kufa.

Baada ya hapo nikaanza kusoma habari za mimea inayokula wadudu, ile ya kweli, ambayo ina aina zaidi ya 600. Kumbe haili kama simba alavyo. Nguvu zake inazipata juani kama mmea mwingine wowote. Mdudu inamtaka kwa ajili ya nitrojeni na fosforasi, kwa kuwa udongo wake ni fukara. Ndiyo maana mingi imeota kwenye vinamasi, mahali penye maji tele na jua kali lakini hapana rutuba. Jangwani hesabu hiyo inagoma, kwa sababu mtego na ute hugharimu maji. Kwa hiyo ukitaka mmea wako usadikike, jiulize unamtafutia nini msafiri. Mimi nasema: maji. Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji. Mbele ya mmea wa jangwani, sisi ni viriba vinavyotembea.

Waliobuni Athas, ulimwengu wa jangwa uliotolewa mwaka 1991 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, walilielewa hili. Wana dungusi kakati anayerusha miiba yenye nyuzi, akamvuta windo na kumnyonya majimaji ya mwili. Pale kiu ndiyo sheria ya nchi, na mmea nao unaitii.

Na msidhani ukame umeishinda kabisa mimea halisi. Iko Drosophyllum, inayoota Ureno, Hispania na kaskazini mwa Moroko, kwenye mawe na udongo mkavu. Kiangazi, majani ya jirani zake yakiwa yamekauka, yake yanametameta matone ya ute yanayonukia kama asali, na ukungu wa baharini huisaidia kupata unyevu. Hebu fikirini: mahali ambapo kila kitu kimekauka, kitu kimoja kinang'aa kama kimelowa. Mdudu atakwenda wapi?

Hapo ndipo nilipoupata mti wangu. Katika ulimwengu wetu wasafiri wanauita Mkaribu. Kimo chake ni cha ngamia aliyepiga magoti. Majani ni mapana, ya kijivu, yenye umande hadi jua linapopanda, na chini yake mchanga ni baridi na laini. Chambo chake ni kivuli. Sasa tazameni mchanga huo kwa karibu, kwa sababu ndio uhai wa wachezaji wenu: hauna unyayo. Hakuna mstari wa mkia wa panya, hakuna alama ya mende, hakuna hata kinyesi cha ndege. Kivuli pekee katika mwendo wa siku mbili, na hakuna kiumbe aliyelala hapo! Mchezaji akiuliza kama kuna nyayo, mjibuni ukweli papo hapo, bila dadu.

Mtego wenyewe nimeuazima kwa mnasanzi, mmea unaonasa wadudu kwa kufumba jani lake, wa kule Carolina, Marekani. Ukigusa kinyweleo chake mara moja, hautikisiki. Ukikigusa tena ndani ya sekunde 20 hivi, jani hufumba kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Usiponasa kitu, hufunguka tena baada ya muda. Vinyweleo vya Mkaribu viko chini ya mchanga. Msafiri wa kwanza hujilaza, akapumua, akawaita wenzake. Hatua ya pili ndiyo inayoua. Mezani hapo huwa kimya kizito, maana yule aliyetangulia yuko salama na ndiye anayewaita.

Nimeuendesha mti huu kwa vikundi kadhaa. Kimoja nakipenda sana. Binti mmoja aliuliza habari za nyayo, wakarudi nyuma, wakajaza gunia mchanga na kulitupa kivulini mara mbili. Majani yakafumba. Wakachimba upande wa pili haraka, wakakuta mizizi iliyovimba maji, wakajaza viriba vitatu. Mpiganaji wao akainua shoka aukate. Binti akamshika mkono, akasema njia ya kurudi ni hii hii, na kisima kingine hawakijui. Wakauacha. Asubuhi waliugeukia kwa mbali, majani yalikuwa yamekwisha kufunguka, na umande uko palepale.