Jani likiangukia kijitoni

Shikamooni wazee. Wengine, habari za mchana. Najua kuna waliocheka waliposikia mada ni majani kuoza. Hili jani la mkuyu nililoshika ni chakula cha viumbe wengi wa majini, ngojeni.

Likishalowa, siku moja mbili za kwanza linatoa sukari na tanini, ile kali inayokausha ulimi, kama majani ya chai kwenye sufuria. Kisha inakuja kuvu. Vimbegu vyake havionekani kwa macho, na vingi vina ncha nne. Vinanasa kwenye jani, vinaota, vinalainisha nyuzi. Na jani linalooza linazidi kuwa na protini, maana kuvu inavuta naitrojeni iliyomo majini. Watafiti Kaushik na Hynes walilionyesha hilo Kanada mwaka 1971. Mdudu akilitafuna, uhondo anaoufuata ni kuvu.

Vitabu vingi vimetoka Ulaya na Marekani, ambako majani hupukutika kwa mkupuo kabla ya baridi, mabuu wa wadudu wakala hadi baridi iishe. Huku kwetu baridi hiyo haipo, anayepanga ratiba ni mvua. Kiangazi makorongo mengi ya Mwanza yanakauka, majani yanarundikana mchangani, kazi inabaki kwa mchwa na jua. Vuli ikifungua, rundo zima linasombwa. Yale maji ya kwanza ya rangi ya kahawia yamejaa mabaki ya majani. Bakteria wakiyavamia oksijeni inapungua, na samaki walionaswa kwenye dimbwi wanaweza kufa bila mtu kumwaga sumu. (Mto Mirongo pale mjini msiniulize, ule una taka zake.)

Mtafunaji mkubwa wa vijito vingi vya Afrika Mashariki ni kaa. Wadudu hula sehemu laini na kuacha mishipa kama wavu. Kaa hurarua jani na mishipa yake.

Mzee ameuliza kama mikaratusi inafaa ukingoni mwa kijito. Majani yake yana nta, mafuta na fenoli, yaani kemikali za mmea za kujikinga na walaji, kwa hiyo wadudu wengi huyakwepa mpaka yakae sana majini. Mimi ningepanda mikuyu ukingoni.

Wanafunzi, mnaweza kupima wenyewe. Kausheni majani, pimeni uzito sawa, tieni kwenye mifuko miwili: mmoja wa wavu wa matundu madogo sana yasiyopitisha mdudu, mwingine wa matundu makubwa wanayoweza kupita. Fungeni kwenye jiwe, mzamishe. Baada ya wiki kadhaa itoeni, mkaushe, mpime tena. Kwa kiasi kikubwa, tofauti kati ya mifuko hiyo ndiyo kazi ya kaa na wadudu.