Kitambi na tezi dume ya kijana

(Mazungumzo na madereva wa bodaboda, Mwanga, Kigoma)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mliposikia tezi dume, najua wengine mlijisemea hayo ni mambo ya wazee. Tezi kukua, kweli, ni ya wazee. Lakini mchochota sugu wa tezi, yaani tezi kuvimba na kuuma, ule unaosumbua miezi 3 na zaidi, huwapata sana walio chini ya miaka 50.

Dalili mnazijua hata kama hamzisemi kijiweni: maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kinena kinavuta, mkojo wa kila mara tena unachoma. Kijana anakimbilia duka la dawa, anaomba sipro, dawa ya kuua bakteria. Nafuu siku mbili, kisha yale yale. Anaambiwa ni UTI sugu, anabadilishiwa vidonge. Kumbe wagonjwa kama 9 kati ya 10 wa tatizo hili la muda mrefu hawakutwi na bakteria. Sasa dawa inaua nini?

Tuje kwenye uzito. Mafuta ya tumboni hayatulii tu kama mzigo kwenye keria. Yanatoa kemikali, mojawapo interlukini-6, zinazochochea mchochota mwilini, ndiyo maana kitambi kinashukiwa. Ila sitawadanganya: tafiti hazijatoa jibu moja, na wembamba kabisa nao wanaugua.

Kilo 90 kwa urefu wa mita 1.70, ukigawa kwa urefu mara urefu, unapata 31, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Lakini mbeba mizigo wa Kibirizi anaweza kufika hapo kwa misuli tu. Mimi naamini zaidi futi kamba ya fundi cherehani. Izungushe kiunoni bila kuvuta tumbo ndani (nawaona!). Ikifika sentimita 94, shughulika.

Mwaka 2007 watafiti wa Italia waliwagawa wagonjwa wa tatizo hili makundi mawili. Waliofanya mazoezi ya kutoa jasho, kutembea kwa kasi kukiwemo, kwa wiki 18, walipata nafuu kuliko waliojinyoosha viungo tu. Nyie kutwa mmekalia kiti, msamba umebanwa. Jioni paki pikipiki, utembee haraka kuelekea Ujiji, na chipsi mayai za saa nne usiku uzipunguze.

Homa na kutetemeka, au mkojo kuziba, hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo usingoje kukuche, nenda hospitali ya Maweni usiku huo huo.