Kasha Lina Kalenda Yake

[Muziki wa kufungulia unapungua]

ASHA: Habari za saa hizi, popote unapotusikilizia. Mimi ni Asha, nagomboa mizigo bandarini Dar es Salaam.

SELEMANI: Na mimi ni Selemani. Nimeendesha lori njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, miaka tisa, sasa nasimamia magari ya watu. Karibuni sana.

ASHA: Kaka Selemani, leo nataka tulizungumzie swali ninaloulizwa kila wiki. Simu inaita, mtu hata salamu hamalizi: "Dada, kasha langu limekwama wapi?" Anataka nimtajie mahali pamoja. Bandarini, barabarani, mpakani, basi amjue mbaya wake ni nani.

SELEMANI: Mimi ningemjibu moja kwa moja: barabarani. Hasa kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano.

ASHA: Najua ungesema hivyo, na tutafika huko. Ila mimi nimeshafika mahali naamini kwamba kikwazo kimoja tunakimudu. Meli ikichelewa wiki, tunavumilia. Mvua ikikata barabara siku mbili, tunavumilia. Kinachotuangusha ni misimu miwili ikikutana juu ya kasha moja.

SELEMANI: Hebu fafanua hapo.

ASHA: Nikupe kisa. Nilikuwa na mteja, mama mmoja mwenye fremu Kariakoo, aliagiza viatu vya shule kutoka China. Kasha la futi 40, vyeusi vitupu, saizi zote. Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo yeye alivitaka dukani mapema Desemba. Kiwanda kikamwambia mzigo utakuwa tayari mwishoni mwa Septemba. Akafurahi. Sasa, kiwanda kikachelewa siku nne tu.

SELEMANI: Siku nne si kitu.

ASHA: Ni kitu, kwa sababu 1 Oktoba China wanaanza sikukuu yao ya taifa, karibu wiki nzima. Kiwanda kikafungwa, mzigo umekaa sakafuni. Waliporudi kazini, meli ya kwanza imejaa, kwa sababu kila mtu aliyekosa ya Septemba ameikimbilia hiyo hiyo. Ya pili shirika la meli likafuta safari kabisa. Wanafanya hivyo baada ya sikukuu, mizigo ikiwa michache wanaona bora meli isiende kuliko iende nusu tupu. Kasha likaondoka Oktoba inaisha. Likashushwa njiani kusubiri meli nyingine ya kulileta huku. Limefika Dar wiki ya Krismasi.

SELEMANI: Wiki ambayo kila anayetakiwa kugonga muhuri yuko kwao kijijini.

ASHA: Tumelitoa katikati ya Januari. Mama alisimama pale bohari, akafungua boksi moja, akatoa kiatu kimoja cha mtoto wa darasa la kwanza, akakishika muda mrefu bila kusema neno. Watoto walikuwa wameshaanza shule, wameshavaa vya mtu mwingine. Na demareji ilikuwa imeshakula faida yote aliyoitarajia. Mimi siku ile sikulala vizuri, kwa sababu nilijua: Julai angeuliza, ningemwambia agiza sasa.

SELEMANI: Pole yake sana. Kwa wasikilizaji ambao hawajawahi kuagiza, dada Asha, hiyo demareji ni nini?

ASHA: Kasha si lako, ni la shirika la meli. Wanakupa siku kadhaa za bure, kila shirika na zake, ulitoe, upakue, ulirudishe tupu. Zikipita, unalipa kwa siku, kwa dola, na kadiri unavyozidi kukaa nalo ndivyo kiwango cha siku kinavyopanda. Bandari nayo ina tozo yake ya kuhifadhi. Kwa hiyo siku moja inakulipisha mara mbili.

SELEMANI: Na ukiulizia, unaambiwa sababu ni hali ya hewa.

ASHA: Sasa sikukuu ya Oktoba ni ndogo. Kubwa ni Mwaka Mpya wa Wachina. Huu unafuata mwezi, unahama kati ya Januari na Februari. 2024 ulikuwa 10 Februari, 2025 ukawa 29 Januari, 2026 ni 17 Februari, 2027 ni 6 Februari. Kwenye karatasi likizo ni wiki moja na kidogo, lakini wafanyakazi wanarudi makwao mbali, viwanda vingine vinafunga wiki mbili, tatu, hata nne. Kwa hiyo wiki za kabla yake dunia nzima inasukumana kupakia. Nauli ya kasha inapanda, nafasi hakuna.

SELEMANI: Halafu sisi huku tuna Ramadhani na Idi.

ASHA: Na Ramadhani nayo inahama, inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. 2026 vimeangukia wiki moja, Mwaka Mpya wa Wachina na kuandama kwa mwezi. Mwenye kanzu, mwenye magauni ya watoto ya Idi, ambaye mzigo wake haukupanda meli Januari, hakuwa na namna tena.

SELEMANI: Unajua hii inanikumbusha wazee wa pwani. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kuanzia Desemba, yakaondoka na upepo wa kusi kuanzia Aprili. Mwezi wa Julai hakuna mtu aliyekaa ufukweni kusubiri jahazi kutoka Maskati.

ASHA: Babu yangu wa Pangani alikuwa anazijua tarehe hizo kuliko siku ya kuzaliwa kwake. Sisi tumepata injini tukadhani tumeachana na misimu. Haya, nije kwenye Bahari ya Shamu, maana hiyo haina msimu, na ndiyo iliyovuruga kila kitu. Novemba 2023 Wahouthi, waasi wa Yemeni, waliiteka meli ya Galaxy Leader, wakaendelea kuzirushia nyingine makombora. Baada ya wiki chache mashirika makubwa ya meli yakaacha kupita mfereji wa Suez, yakaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini. Asia kwenda Ulaya ikaongezeka siku kumi mpaka kumi na nne.

SELEMANI: Hapo wateja wengi walisema, mzigo wangu unatoka Guangzhou unakuja Dar, unakatisha Bahari ya Hindi. Wahouthi wananihusu nini?

ASHA: Walinambia hivyo hivyo. Jibu ni kwamba meli ni zile zile. Ukitaka meli itoke kila wiki, na safari imerefuka, unahitaji meli nyingi zaidi kwenye njia ile ile. Utazitoa wapi? Unazitoa kwenye njia ndogo, kama yetu. Makasha matupu nayo yako baharini siku nyingi zaidi, kwa hiyo kiwandani hayapo. Na bandari ambako mizigo yetu inabadilishiwa meli zikazidiwa. Katikati ya 2024 Singapore yenyewe, bandari inayosifika kwa wepesi, meli zilikuwa zinapanga foleni.

SELEMANI: Mkulima wa parachichi wa Murang'a, Kenya, ndiye aliyeumia moja kwa moja. Tunda liko kwenye kasha la baridi, linakwenda Ulaya, likifika limeshapitisha muda wake.

ASHA: Na kule kwenye Rasi nako kuna majira yake. Juni mpaka Agosti ni baridi ya kusini, mawimbi ni makubwa. 9 Julai 2024 meli ya CMA CGM Benjamin Franklin ilipoteza makasha 44 baharini kwenye dhoruba karibu na Afrika Kusini. Yaani umekimbia makombora, umekutana na msimu.

SELEMANI: Haya, kasha limefika. Sasa niachie mimi barabara.

ASHA: Karibu.

SELEMANI: Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Chalinze, Morogoro, unakatisha hifadhi ya Mikumi, unashuka Ruaha Mbuyuni, halafu unaanza Kitonga. Dereva yeyote wa njia ile ukimtajia Kitonga anajua. Kona kali, mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Nilikuwa pale Aprili mmoja, saa tisa za usiku, mvua inamwagika. Nimebeba kasha la vigae, la mtu wa Lubumbashi. Lori la mbele yangu likakosa nguvu kwenye kona, likaanza kurudi nyuma taratibu, tela likajikunja, likaziba barabara nzima.

ASHA: Subhanallah.

SELEMANI: Utingo wangu alikuwa kijana mwembamba tu, alishafungua mlango kabla sijamwambia. Akaruka na lile jiwe letu, tulikuwa na jiwe tunalotembea nalo, akalisukuma chini ya tairi la nyuma. Nikahisi gari linaegemea jiwe. Hapo ndipo nikapumua. Tulikaa mpaka kesho yake saa kumi jioni. Kulipokucha vijana wakapandisha mahindi ya kuchoma na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwa bodaboda. Nilipochungulia chini, malori yalikuwa yamejipanga mpaka macho yanaishia. Siku zote nimekuwa nikisema ile ni mvua tu.

ASHA: Nikuulize. Yale malori yalikuwa yamebeba nini?

SELEMANI: Makasha. Karibu yote makasha.

ASHA: Ndiyo ninachokisema tangu mwanzo. Mzigo uliowahi meli Januari, kabla ya Mwaka Mpya wa Wachina, unachukua wiki nne mpaka sita, wakati mwingine zaidi. Unafika mwishoni mwa Februari, Machi. Unagombolewa, unapata lori, unaingia barabarani mwisho wa Machi, Aprili. Masika hiyo. Wimbi kubwa kuliko yote la mwaka tunalipandisha Kitonga kwenye mvua kubwa kuliko zote za mwaka. Na kila mwaka tunashangaa.

SELEMANI: Aisee. Miaka tisa sikuwahi kuiunganisha hivyo.

ASHA: Mimi nisingejua habari ya jiwe kama si wewe.

SELEMANI: Mtu atasema, basi peleka kwa reli. Reli ya zamani ya kati nayo ina pake pa kuumia, pale Kilosa kwenda Gulwe, mto Mkondoa. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliing'oa, treni zikasimama. Reli ya kisasa imesaidia, na treni za mizigo pamoja na bandari kavu ya Kwala vilizinduliwa Julai 2025. Lakini mzigo wa Tunduma na Zambia bado uko mgongoni mwa lori au reli ya TAZARA. Na barabara ya kusini tuliiona kimbunga Hidaya kilipokuja, Mei 2024. Somanga ikakatika, Lindi na Mtwara zikawa kama kisiwa.

ASHA: Kuna miezi huwa nakupigia hata mvua hakuna, unaniambia gari hakuna.

SELEMANI: Hilo watu hawalifikirii. Lori ni lile lile linalobeba kasha, mbolea na mahindi. Kuanzia Agosti mpaka Novemba mbolea ya Nyanda za Juu Kusini, ya Zambia, ya Malawi inashuka bandarini, na lazima ifike kabla ya kupanda. Mwenye mbolea hawezi kukusubiri, kwa hiyo analipa zaidi. Hapo hapo na wewe unataka kutoa bidhaa za Krismasi. Na mwenye lori anataka mzigo wa kurudi, shaba ya Kongo. Foleni ikiwa ndefu Tunduma au Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, gari langu linakaa huko siku nyingi halijarudi Dar. Wewe unaona uhaba wa malori Dar, kumbe malori yapo, yamelala mpakani. Dereva anapika ugali chini ya tela, mkewe anapiga simu kila jioni.

ASHA: Na posho yake ni ile ile ya safari.

SELEMANI: Ile ile. Hilo linaniuma kuliko demareji ya mtu yeyote. Tukihesabu hasara, dereva hatumhesabu. 2020 wakati wa Korona, pale Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, madereva walilala kwenye foleni siku kwa siku wakisubiri majibu ya vipimo, na vijiji walivyopita vinawanyooshea vidole. Chakula cha Kampala na Kigali kilikuwa mgongoni mwao.

ASHA: Ni kweli kabisa. Tumebakiwa na dakika chache, na kuna msikilizaji wa Mbeya ametuma swali: anataka kuleta viatu vya shule, aanze lini?

SELEMANI: Tumhesabie kinyumenyume, kuanzia dukani.

ASHA: Unavitaka dukani Mbeya 1 Desemba. Kugomboa na kupata gari, kaka Selemani, wiki ngapi kwa msimu ule wa mbolea?

SELEMANI: Mpe tatu. Mbili anazozoea za kawaida, moja ya kutafuta lori.

ASHA: Basi meli iwe imetia nanga Dar kabla ya 10 Novemba. Wiki sita baharini, pamoja na kubadilishiwa meli njiani. Hiyo inatupeleka mwisho wa Septemba, ukutani kabisa na sikukuu ya Oktoba. Kwa hiyo usilenge mwisho wa Septemba. Kasha liwe limepanda meli kabla ya 15 Septemba, na kiwanda kiwe na fedha yako ya awali Julai ikianza. Ukiwauliza "mtamaliza lini," usiishie hapo. Uliza wamekukatia nafasi kwenye meli gani, inaondoka tarehe ngapi, na inabadilishia mzigo bandari gani.

SELEMANI: Na mwenye lori umpigie kasha likiwa bado baharini. Usisubiri litue.

ASHA: Umpigie meli ikiwa imebakiza siku kumi. Na siku za bure za kasha uziombe kabla hujalipa nauli, ziandikwe kwenye makubaliano. Wakati ule wanakuhitaji, huwa wanakubali kuongeza.

SELEMANI: Samahani dada, simu hii lazima niipokee. Ni kijana wangu, yuko Makambako.

[Muziki]